UZI: Bezimenti (chumba cha chini ya ardhi) ina unyevu na upepo wa baridi unapenya. Insulesheni (ya kuzuia joto lisitoke) ianzie wapi?

#1 Mkwaju_MN

Wakuu habari zenu. Nyumba iko Brooklyn Park, Minnesota, ni ya 1964. Bezimenti ni futi 24 kwa 32, kuta ni tofali za zege zenye matundu, kimo futi 8, sakafu zege tupu.

Majira ya baridi sakafu ya sebule iliyo juu yake haikanyagiki bila soksi, na ukisimama karibu na ukuta wa kaskazini unausikia upepo shingoni. Kiangazi upepo unaisha lakini inakuja harufu ya fangasi, maboksi yaliyo chini yanalegea, na sehemu ya chini ya ukuta inatoa unga mweupe kama chumvi. Maji ya kutuama hakuna, ila kona ya kaskazini-mashariki zege linakuwa jeusi baada ya mvua kubwa, kama upana wa mkeka.

Mkandarasi amependekeza fremu za mbao, pamba ya faibaglasi katikati, nailoni juu yake, kisha jipsamu. Bei yake nafuu. Naomba wajuzi mniambie kama kuna hatua inarukwa.

#2 FundiZege

Mkuu, usisaini bado. Huo ni mfumo uliooza kwenye bezimenti nyingi za majimbo ya baridi, na sababu yake inajulikana.

Pamba ya faibaglasi haizuii hewa. Hewa ya ndani yenye mvuke inapita katikati ya pamba mpaka inagusa zege la baridi, na hapo mvuke unageuka maji, kama jasho la nje ya glasi ya maji ya barafu. Tofali nazo zinavuta unyevu wa ardhini na kuupumulia ndani. Ile nailoni anayotaka kuibana juu ya fremu inaufungia unyevu wote huo pamoja na mbao na karatasi ya pamba. Fangasi hahitaji zaidi ya hapo. Miaka miwili mitatu harufu inaanza. Ukibandua jipsamu unakuta mbao za kitako nyeusi na pamba imelowa, imeshuka kama nguo iliyoachwa kwenye beseni.

Tazama hesabu yake. Hewa ya nyuzi 21 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 10. Ikiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 60, umande unaanza kwenye nyuzi 16 hivi. Sasa Januari, sehemu ya ukuta iliyo juu ya ardhi, ikiwa nyuma ya pamba, inashuka chini ya sifuri. Julai, sehemu ya chini ya ukuta na sakafu bado ni baridi kwa sababu ardhi ya kina huko kwenu inakaa karibu nyuzi 9 mwaka mzima. Kwa hiyo baridi unaloa juu, kiangazi unaloa chini.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: kausha maji kwanza, halafu ziba hewa, halafu weka insulesheni inayolala juu ya zege lenyewe bila mwanya wa hewa nyuma yake. Insulesheni hiyo iwe ya povu, isiyooza na isiyopitisha hewa. Fremu na jipsamu vinakuja mbele ya povu, si mahali pake.

Kabla ya kununua chochote fanya kipimo cha nailoni. Kata vipande vya inchi 18 kwa 18, nailoni nzito inayoonyesha. Bandika vitatu ukutani (kimoja kwenye ile kona, kimoja ukuta wa kaskazini chini, kimoja ukuta wa kusini) na viwili sakafuni. Ziba pembe zote nne kwa tepu inayoshika zege. Sugua vumbi kwanza kwa brashi ya waya, vinginevyo tepu inabanduka usiku na kipimo kinakudanganya. Acha siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ardhini. Yakiwa juu yake, upande wa chumbani, ni umande wa hewa ya ndani. Tiba za hayo mawili ni tofauti kabisa.

#3 Mkwaju_MN

Nimeelewa, nitabandika leo. Ule unga mweupe unaashiria nini? Na rangi ya kuzuia maji inayouzwa madukani vipi, si ingemaliza kazi kwa siku moja?

#4 BintiPangani

Unga mweupe ni chumvi za kwenye saruji na udongo. Maji yanapenya tofali, yanaziyeyusha, yakifika ndani yanakauka na kuziacha usoni. Wenyewe hauna madhara, lakini ni ushahidi kwamba maji yamepita hapo. Mstari wa juu wa chumvi unakuonyesha unyevu ulipofika. Uchore kwa penseli na tarehe ili baadaye ujue kama unapanda au unashuka.

Rangi haistahimili msukumo wa maji kutoka nyuma. Chumvi zinajijenga kati ya rangi na tofali, zinaisukuma, inatoka magamba. Halafu tofali zako zina matundu ndani: ukiziba uso, maji yanajaa kwenye matundu na kutafuta njia pale ukuta unapokutana na sakafu.

Maji ya bezimenti mara nyingi dawa yake iko nje, tena ya bei ndogo. Mvua ya inchi moja kwenye paa la futi za mraba 1,000 inaleta kama galoni 620 za Kimarekani, lita zaidi ya 2,300. Gata ikiwa imeziba, au bomba la kushushia maji likiishia kwenye kitako cha ukuta, mzigo wote huo unamwagwa kando ya msingi wako. Ningeanza na hiyo kona ya kaskazini-mashariki: nina hakika karibu yote kwamba kuna bomba la gata linashuka hapo.

Safisha gata. Ongeza urefu wa kila bomba mpaka maji yatoke futi 6 au zaidi kutoka ukutani. Kisha tazama udongo. Baada ya miaka 60 udongo uliofukiwa kando ya msingi huwa umeshuka, na uwanja umeelemea kwenye nyumba. Kanuni ya ujenzi inataka mteremko wa inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Funga uzi kwenye kigingi, weka pima maji, pima. Kujazia tumia udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, usitumie mchanga wala mbolea ya bustani maana hivyo vinanyonya. Na uache inchi 6 za msingi zionekane kati ya udongo na ubao wa nje wa nyumba, la sivyo umeondoa unyevu na kukaribisha mchwa na uozo.

Visima vya madirisha ya bezimenti (yale mashimo ya nje mbele ya dirisha lililo chini ya usawa wa ardhi) viangalie pia. Chini ya kila kimoja pawe na kokoto, si majani yaliyooza.

#5 Mkwaju_MN

Dada, ni kweli, bomba la gata linashuka kona ileile na kipande cha chini kimeng'oka. Nimetoka kukitazama sasa hivi.

#6 BintiPangani

Basi rekebisha hilo na mteremko, subiri mvua kubwa mbili tatu. Kona ikibaki kavu, umeokoa pesa za kuchimba sakafu.

Ikiendelea kulowa ndipo unafikiria mfereji wa ndani: zege la sakafu linakatwa kandokando ya ukuta, bomba la matundu la inchi 4 linalazwa kwenye kokoto pembeni mwa kitako cha msingi, maji yanaelekezwa kwenye shimo lenye pampu. Kwa ukuta wa tofali wanatoboa pia tundu dogo kwenye kila chumba cha tofali cha mstari wa chini ili maji yaliyojaa ndani yashuke kwenye mfereji. Pampu iwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, na ya akiba inayotumia betri, kwa sababu umeme hukatika katika mvua ileile inayojaza shimo. Bomba la kutolea maji lisielekezwe kwenye bomba la maji taka, miji mingi inakataza. Na liwe na mteremko mpaka mwisho, vinginevyo maji yanalala ndani, yanaganda Januari, pampu inasukuma ukuta wa barafu hadi mota inaungua.

Jambo moja zaidi: tazama nyufa. Ufa wa kusimama kwenye zege la kumwaga kwa kawaida ni wa kukauka, unajazwa. Ufa wa kulala kwenye ukuta wa tofali, hasa usawa wa katikati, huku ukuta umefanya tumbo kuingia ndani, maana yake udongo unausukuma. Hapo usifunike na chochote mpaka mhandisi wa majengo aone.

#7 Kipimajoto

Wakuu naomba niingize hili kabla hatujafika kwenye kuziba, maana ndilo linaloua watu.

Kwanza, radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, na Marekani inahesabiwa kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Minnesota nyumba 2 kati ya 5 zina kiwango cha kuhitaji hatua. Mpaka wa kuchukua hatua ni pikokyuri 4 kwa lita. Kifaa cha kupimia ni cha bei ndogo, unakiweka chumba cha chini kabisa kinachotumika, madirisha yamefungwa, siku chache, unakituma maabara. Pima sasa, upime tena kazi ikiisha, kwa sababu ukibadilisha mwendo wa hewa ndani ya nyumba na kiwango kinabadilika. Kikiwa juu, tiba ni bomba la inchi 3 au 4 linalopenya sakafu, lenye feni inayovuta gesi toka chini ya zege na kuitoa juu ya paa. Afadhali bomba hilo lipite kabla ya jipsamu kuliko kulitobolea njia baadaye.

Pili, hita ya maji na fanesi (tanuri la kupashia nyumba joto). Mkwaju, angalia hita yako ya gesi: ikiwa juu yake kuna kofia ya bati yenye uwazi na bomba la chuma kwenda kwenye dohani, inategemea hewa ya chumba kupandisha moshi wake. Ukiziba nyufa zote halafu feni ya jikoni, ya bafuni na mashine ya kukausha nguo zikawaka kwa pamoja, nyumba inavuta hewa kwa nguvu na moshi unaweza kurudi chini na kaboni monoksaidi yake.

Kipimo chake hakihitaji mtambo. Funga madirisha na milango ya nje, washa feni zote na mashine ya nguo, kisha washa hita. Baada ya dakika tano shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na ukingo wa ile kofia. Moshi ukimezwa juu, sawa. Ukisukumwa kukujia usoni, zima hita, fungua madirisha, ita fundi wa gesi. Rudia kipimo baada ya kuziba. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Weka na kingine bezimenti.

#8 Mkwaju_MN

Hita ni ya aina hiyohiyo ya kofia. Nitapima. Ule upepo wa shingoni unatokea wapi hasa? Madirisha nimeyaziba kwa silikoni yote.

#9 FundiZege

Unatokea juu ya ukuta, kwenye ubao wa ukingo. Inua kichwa pale tofali zinapoishia: kuna ubao wa kitako uliolala juu ya tofali, halafu ubao uliosimama ukizunguka nyumba yote, na mihimili ya sakafu imeishia hapo. Kati ya huo ubao na baridi ya nje kuna mbao za inchi chache tu, na viungo vyake havikubanana tangu 1964. Hewa ya joto inapanda na kutokea darini, kwenye taa, mabomba na kifuniko cha dari; nafasi yake inajazwa kwa kuvuta hewa ya nje kupitia chini. Kwa hiyo sakafu ya sebule inapozwa na mwanya ulio bezimenti, na mwanya huo unavutwa na tundu lililo darini. Ziba na kule juu, la sivyo nusu ya kazi imebaki.

Subiri siku ya baridi yenye upepo, washa udi, tembea nao polepole usawa wa kitako: moshi utalala mlalo penye tundu. Weka alama kwa chaki. Pita na mahali bomba la gesi, waya wa umeme, bomba la maji ya bustani na tundu la mashine ya nguo vinapotoboa ukuta.

Hesabu ya nyumba yako. Mihimili ikiwa inavuka ule upana wa futi 24 na imepangwa kila inchi 16, una nafasi kama 24 kwa kila upande wa futi 32, jumla 48. Kila nafasi ni kama inchi 14 na nusu kwa 9 na robo kama mbao ni za 2x10 (inchi za jina la dukani, zenyewe hupungua kidogo). Pima zako, mbao za zamani hutofautiana. Bodi ya povu ya inchi 2, futi 4 kwa 8, inatoa vipande 30 vya inchi 14 kwa 8 na robo tatu. Pande za futi 24 hazina nafasi, ni ubao mmoja mrefu, utazikatia mikanda sita ya futi 8. Bodi tatu zinatosha, nunua nne.

Siri iko kwenye kukata vidogo. Kipande kipungue robo inchi kila upande. Watu wanakata cha kubana kabisa, kinaingia kwa nyundo, kinaonekana kimeziba, lakini mbao haijanyooka na hewa inapita pembeni mwaka mzima. Kile chenye mwanya wa robo inchi kinapokea povu la kopo kuzunguka pande zote nne, na ndilo linaloziba hewa. Kwanza pitisha silikoni kwenye mshono wa kitako na tofali, simamisha kipande kikigusa ubao wa ukingo, kisha puliza povu, nusu ya mwanya tu maana linafura. Tumia bunduki ya povu, si ule mrija wa plastiki, utaokoa makopo. Glavu, miwani na shati la mikono mirefu, maana povu likikauka ngozini halitoki kwa maji wala mafuta.

Na ziba vichwa vya tofali. Ukuta wa zamani wa tofali mara nyingi mstari wa juu uko wazi, matundu yanafanya kazi ya dohani: hewa baridi, unyevu na radoni vinapanda humo na kumwagika ndani. Kata vipande vya bodi, vitie kwenye kila tundu, povu juu yake.

#10 NyotaYaZiwa

Mimi niko na swali, bomba za maji za kwangu zimepita hapo hapo kwa ukingo. Nikiweka povu juu yake si ndiyo ziko salama zaidi?

#11 FundiZege

Hapana ndugu, ni kinyume. Insulesheni ikae kati ya bomba na nje, kamwe si kati ya bomba na chumba. Ukilifunika bomba likabaki upande wa ukuta, umelinyima joto la nyumba na kulikabidhi kwa baridi. Usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri linapasuka. Kama haliwezi kusogezwa ndani, weka povu nyuma yake tu na uache sehemu hiyo wazi. Mabomba ya maji baridi yavishe soksi za povu, hapo ni kwa ajili ya jasho la kiangazi.

#12 Mkwaju_MN

Sasa kuta zenyewe. Bodi za inchi ngapi na zinashikwaje kwenye tofali?

#13 FundiZege

Zege la inchi 8 peke yake halifikii hata R-2 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, namba kubwa ndiyo bora). Kanuni ya nishati ya Minnesota kwa nyumba mpya inataka R-15 kwenye kuta za msingi. Bodi ya povu gumu lililokamuliwa (zile za buluu, waridi au kijani) ni R-5 kwa kila inchi. Kwa hiyo ni inchi 3: weka tabaka la inchi 2, kisha la inchi 1, viungo vipishane ili mshono wa juu usikutane na wa chini. Povu jeupe la punje ni kama R-4 kwa inchi, linafaa pia ila ongeza unene. Povu la kupuliza la seli zilizofungwa ni kama R-6 kwa inchi. Ni ghali lakini halina mshindani ukuta ukiwa na mabonde.

Mzunguko wako ni futi 112, kimo 8, jumla futi za mraba 896. Bodi moja ni 32, kwa hiyo 28 kwa kila tabaka. Usitoe madirisha kwenye hesabu, yatalipia mabaki. Ongeza tatu za kuharibika.

Ukuta usuguliwe kwa brashi ya waya, chumvi na rangi inayobanduka vitoke. Gundi iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya povu. Gundi ya kawaida yenye kiyeyushi inalila povu: asubuhi unakuta bodi ina mashimo kama jibini na imeanguka. Pitisha gundi mstari usiokatika kuzunguka kingo zote za bodi, inchi 2 ndani, na mistari miwili katikati. Usiweke madonge matano kama ya kubandikia vioo. Madonge yanaacha mwanya unaoruhusu hewa kuzunguka nyuma ya bodi, na umande unarudi palepale. Bana kila bodi kwa skrubu za zege nne na washa pana (vile vibati vya duara). Mishono yote weka tepu ya ujenzi, juu na chini jaza povu la kopo mpaka likutane na lile la ubao wa ukingo. Kusiwe na hata kidole cha zege kinachoonekana.

Mbele yake fremu ya 2x4, nguzo kila inchi 24. Ubao wa chini uwe uliotiwa dawa, juu ya mkanda wa povu jembamba ili usilale kwenye zege. Nailoni HAPANA, mahali popote. Nafasi ya ndani ya fremu iache tupu kwa nyaya za umeme. Kisha jipsamu ya nusu inchi, iishie nusu inchi juu ya sakafu ili isinyonye, ubao wa pembeni utaficha mwanya. Hiyo jipsamu si urembo. Povu likishika moto linatoa moshi mzito wa sumu, na kanuni inataka lifunikwe na kizuizi kinachostahimili moto dakika 15. Anayeacha povu tupu bezimenti kwa sababu "ni stoo tu" anahatarisha wanaolala juu.

Ombeni kibali cha jiji. Na kama kutakuwa na chumba cha kulala, lazima dirisha la kutokea: uwazi wa futi za mraba 5.7, kimo kisipungue inchi 24, upana inchi 20, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Mtoto na zimamoto mwenye mtungi mgongoni wote wapite hapo.

#14 Kipimajoto

Naongezea kiangazi. Watu wanafungua madirisha ya bezimenti Julai ili "hewa ikaushe". Hewa ya nje siku za jasho Minnesota inatoa umande kwenye nyuzi 18 mpaka 21. Sakafu yako ina 16. Kila ndoo ya hewa unayoingiza inaacha maji yake sakafuni. Funga madirisha, washa mashine ya kukausha hewa, iweke asilimia 50. Kwa ukubwa huo chukua ya painti 50, yaani karibu lita 24 kwa siku, yenye mpira wa kumwagia kwenye tundu la sakafu; ya kumwaga ndoo kwa mkono itaachwa imejaa mkiwa kazini. Bezimenti ikishuka chini ya nyuzi 18 mashine za kawaida zinaganda barafu kwenye koili, soma kibandiko uone inafanya kazi mpaka nyuzi ngapi. Na msianike nguo huko chini. Kamba moja ya jeans inarudisha hewani lita za maji ambazo mashine itazikamata kwa umeme wako.

#15 MpangajiColumbus

Wengine tumepanga, hatuwezi kugusa kuta. Tufanyeje?

#16 BintiPangani

Vitu vyote juu ya fremu za plastiki au chuma, inchi 4 kutoka sakafuni na inchi chache kutoka ukutani, hewa ipite. Maboksi ya karatasi yatoke, tumia ndoo za plastiki zenye kifuniko. Zulia lisilazwe juu ya zege tupu. Kipima unyevu kidogo kitakuonyesha kama umevuka asilimia 60; piga picha usomaji wake na madoa ukutani pamoja na tarehe, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi.

Halafu kuna mpango wa serikali kuu ya Marekani, ulianza 1976, wa kuzibia nyumba za wenye kipato kidogo baridi bila malipo: wanapima mivujo, wanaziba, wanaweka insulesheni, wanakagua fanesi. Unaendeshwa na kila jimbo, na mpangaji anaruhusiwa kuomba, mwenye nyumba akikubali. Wenye makaratasi ya msaada wa bili za joto waulize ofisi hiyohiyo.

#17 NyotaYaZiwa

Na ukuta wa mawe? Nyumba ya 1910, chokaa kati ya mawe inamumunyuka kama biskuti.

#18 FundiZege

Bodi hazifai, ukuta haujanyooka. Rekebisha kwanza chokaa kwa chokaa, si kwa saruji kali, maana saruji ni ngumu kuliko mawe laini na inayapasua. Ubao wa ukingo ziba kama nilivyoeleza. Faida kubwa iko hapo. Kuta zenyewe usizifunike mpaka mtu anayejua misingi ya mawe azione. Ukuta kama huo ukiuzuia joto la ndani, maji yaliyo ndani yake yanaganda na kuulegeza.

#19 Kigamboni_Boy

Huku Dar ukuta unanyonya maji chini, rangi inatoka magamba. Hizi bodi zinasaidia?

#20 BintiPangani

Hapana kaka. Ardhi ya Dar haina baridi, hakuna umande wa kuzuia. Kwako ni maji ya ardhini na chumvi, kwa kawaida DPM (tabaka la kuzuia unyevu wa ardhini usipande) haikuwekwa au imekatika. Bandua plasta futi 3 kutoka chini, acha ukuta ukauke wiki kadhaa, toa udongo uliorundikwa juu ya usawa wa sakafu upande wa nje, ndipo upige plasta mpya. Bodi za povu zingeficha tu.

#21 Mkwaju_MN

Nimerudi wakuu. Nailoni: ukuta wa kusini na kaskazini umande uko juu, upande wa chumba. Vipande vyote viwili vya sakafuni ni vikavu nyuma, umande kidogo juu. Kona ya kaskazini-mashariki maji yako nyuma ya nailoni, matone kabisa. Udi kwenye hita: feni zikiwa zote zinawaka, moshi unasitasita pale kwenye kofia, haupandi wala haurudi. Kipimo cha radoni kiko njiani kwenda maabara.

#22 Kipimajoto

Moshi unaositasita ni hita iliyokosa pumzi kabla hata hujaziba kitu. Usizibe ubao wa ukingo mpaka fundi wa gesi aione: atakupa njia ya hewa ya nje kwenda kwenye hita, au akushauri ya kutoa moshi kwa feni, au ya umeme. King'ora cha kaboni monoksaidi kinunue leo.

#23 FundiZege

Kwa majibu hayo, mashine ya kukausha hewa washa sasa, kuta za kusini na kaskazini zinaihitaji tayari. Bomba la gata na mteremko wa ile kona wikendi hii. Hita ifuate. Kisha ubao wa ukingo kabla baridi haijaingia, utaisikia tofauti sebuleni usiku wa kwanza.

Bodi anza ukuta wa kusini, zunguka, na acha futi 8 za kila upande wa kona ya kaskazini-mashariki wazi mpaka masika. Theluji ikiyeyuka Machi na Aprili huku ardhi ya chini bado imeganda, maji yanakosa pa kwenda isipokuwa kwenye msingi; huo ndio mtihani wenyewe wa kona. Bandika nailoni mpya pale mwanzoni mwa Machi. Ikikaa kavu nyuma kwa mwezi mzima, malizia bodi sita zilizobaki.

#24 Mkwaju_MN

Bodi sita kwa futi 16, mbona hesabu yangu inaleta nne?

#25 FundiZege

Nne za inchi 2, na nne za inchi 1, jumla nane. Nimekosea mimi, yako ndiyo sahihi kwa kila tabaka. Zihifadhi zimelala ndani, mbali na jua na mbali na hita.